Ukinunua mandhari, nunua na dirisha la kuhimili upepo

Ukipanda Ngong Hills wikendi kupiga picha, nyuma yako huonekana ile mitambo mirefu myeupe inayozunguka. Ya kwanza ilisimamishwa pale mwaka wa 1993, na leo mitambo ya KenGen juu ya vilima hivyo ina uwezo wa kuzalisha megawati 25.5 za umeme. Hakuna anayeweka mtambo wa upepo mahali pasipo na upepo. Sasa shusha macho kidogo, uangalie nyumba zinazochipuka upande wa Kiserian, Matasia na Ngong mjini. Nyingi zimewekwa madirisha yale yale ya nyumba za bondeni: kioo chembamba, fremu nyepesi, na silikoni ya kufunika nyufa ili mwenye nyumba asiulize maswali.

Kijana mwenzetu, kama unajenga au unapanga keja sehemu ya juu au iliyo wazi, chagua dirisha kwa kuangalia upepo wa mahali hapo kwanza. Rangi, mtindo na bei vifuate. Kwa sasa tunafanya kinyume. Tunaona dirisha kubwa jeusi kwenye TikTok, tunampelekea fundi picha, na fundi anatupa bei ya mita moja ya mraba. Hakuna anayeuliza nyumba imeelekea wapi.

Swali hili si la wenye pesa wa milimani pekee. Liko Kinangop, ambako mradi wa megawati 60 za umeme wa upepo ulifutwa mwaka wa 2016 baada ya mzozo wa ardhi, lakini upepo wenyewe haukuondoka na wawekezaji. Liko Limuru na kando ya ukuta wa Bonde la Ufa, ambako ploti "zenye view" hutangazwa kila siku. Liko Loiyangalani, ambako mitambo 365 imesimamishwa kwa sababu upepo unaopita kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya hubanwa na kuongeza kasi. Liko Nyali, Kilifi na Lamu, nyumba zinapokabiliana uso kwa uso na bahari, kusi ikivuma. Na liko Kilimani, Kileleshwa na Ruaka, katika ghorofa ya 13 ambapo umelipa deposti kwa sababu ya machweo yanayoonekana kutoka sebuleni.

Ndiyo, ghorofa ndefu nayo ni mlima. Karibu na ardhi, upepo hupunguzwa mwendo na miti, kuta na nyumba za jirani. Ukipanda, breki hizo hupungua. Kwa kanuni ya makadirio inayotumika mahali pa wazi, upepo ulio mita 40 juu huwa na kasi ya takriban asilimia 20 zaidi ya ule wa mita 10. Asilimia 20 inaonekana kidogo, ila msukumo wake hauongezeki kwa kiwango hicho hicho. Unaruka kwa karibu nusu nzima.

HESABU AMBAYO FUNDI HAKUPIGII

Sababu ni hii: msukumo wa upepo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi yake. Kasi ikiongezeka maradufu, msukumo unakuwa mara nne. Ikiwa mara tatu, msukumo ni mara tisa.

Tuchukue dirisha la kawaida la sebule, upana mita 1.5 na urefu mita 1.2. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukilipiga moja kwa moja, unalisukuma kwa uzito wa kama kilo 11. Huo ni kama mtungi wa lita 20 uliojaa maji nusu, na hakuna la kuogopa. Upepo ukifika kilomita 72 kwa saa, uzito unafika karibu kilo 45, yaani karibu mfuko mzima wa saruji. Dhoruba ya kilomita 108 kwa saa inaweka kama kilo 100 kwenye dirisha hilo hilo. Ni mifuko miwili ya saruji imeegemea kioo chako, na haitulii. Inasukuma, inaachilia, inasukuma tena.

Hesabu hiyo ni ya hewa ya usawa wa bahari. Ukiwa mita 2,000 juu, hewa ni nyepesi na msukumo unapungua kama moja kwa tano. Lakini usishangilie bado, kwa sababu mteremko wa kilima huukimbiza upepo unapopanda kuelekea kileleni. Unachookoa kwa wepesi wa hewa, kasi inaweza kukuchukulia na riba.

Tena upepo hausukumi tu. Upande wa nyumba unaopigwa husukumwa ndani, lakini upande wa nyuma na pembeni hufyonzwa kutoka nje. Ndiyo maana dirisha la chumba cha nyuma, ambalo hukulidhania, linaweza kung'oka huku la mbele likibaki. Pembe za nyumba na zile za jengo refu ndizo huvutwa zaidi. Ukipewa kuchagua kati ya nyumba ya katikati na ya pembeni katika ghorofa ya juu, jua kwamba ile ya pembeni inahitaji madirisha imara zaidi, hata kama ndiyo yenye mandhari bora.

DIRISHA LIKIENDA, PAA LINAFUATA

Watu wengi hudhani hasara ya dirisha kuvunjika ni kioo na maji kwenye zulia. Kwa nyumba ya bati, hasara ni kubwa kuliko hiyo.

Upepo unapopita juu ya paa, hulivuta kwenda juu. Nyumba ikiwa imefungwa vizuri, misumari na mbao zinashindana na nguvu hiyo moja tu. Lakini dirisha la upande unaopigwa likivunjika au likifunguka, upepo unaingia na kujaza nyumba kama puto. Sasa paa linavutwa kutoka nje na kusukumwa kutoka ndani kwa wakati mmoja. Habari za shule na nyumba zilizoezuliwa mapaa hutufikia kila msimu wa mvua, na mara nyingi lawama huenda kwa bati na misumari. Ni haki kuzilaumu, lakini lililokuwa wazi chini yake pia linastahili kuulizwa.

Kuna ushauri wa mtaani unaosema upepo mkali ukija, fungua dirisha la upande wa pili ili upepo upite. Usiufuate. Huwezi kujua upepo utageuka wapi, na kila tundu unaloacha ni mlango wa msukumo na mvua. Funga yote, komea, na ukae mbali na vioo.

AINA GANI BASI?

Tuanze na luva, zile vipande vya kioo vinavyopangwa kama ngazi. Zinapitisha hewa vizuri sana na ndiyo sababu zilipendwa pwani na kwenye vyoo vya nyumba nyingi za zamani. Lakini haziwezi kufunga kabisa. Kila kipande kimeshikwa ncha mbili tu, na kati ya kipande na kipande kuna mwanya. Mahali pa upepo mwingi, luva ziachie choo cha upande uliojificha.

Halafu kuna dirisha la kuteleza, lile la alumini ambalo karibu kila apatimenti mpya ya Nairobi inalo. Ni nafuu, halichukui nafasi, na halipigwi na upepo likiwa wazi. Udhaifu wake ni kwamba ili liteleze lazima liwe na nafasi ya kuteleza. Pembeni huzibwa na brashi za nyuzi, ambazo hupitisha hewa na vumbi zikichakaa. Mvua ya upepo hujaza reli ya chini, na kama matundu ya kutolea maji ni madogo au yamezibwa na plasta, maji yanamwagika ndani. Hapo katikati, mahali mbawa mbili zinapokutana, pana nguzo nyembamba ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya msukumo. Isukume kwa kiganja. Ikipinda kwa nguvu ya mkono wako tu, itafanyaje mbele ya mfuko wa saruji?

Hatusemi kila dirisha la kuteleza ni baya. Liko la fremu nene, lenye raba nzuri na vizuizi vya kulizuia lisinyanyuke kutoka kwenye reli. Tatizo ni kwamba lile la bei ya chini ndilo limejaa mtaani, na linawekwa ghorofa ya 2 na ghorofa ya 15 bila tofauti yoyote.

Kwa sehemu zilizo wazi, dirisha la bawaba linalofunguka nje ndilo huwa na faida. Likifungwa, upepo unaolipiga mbele unalibana zaidi kwenye raba ya fremu, kama mtu anayekusaidia kufunga. Raba yake huzunguka pande zote nne na hubanwa badala ya kusuguliwa. Lakini lina masharti mawili. Kwanza, liwe na komeo zaidi ya moja, juu na chini au zaidi, kwa sababu siku litakayofyonzwa badala ya kusukumwa, komeo moja la katikati litaacha pembe zikichezacheza. Pili, liwe na mkono wa kulishika likiwa wazi, la sivyo upepo wa ghafla utalipiga ukutani na kung'oa bawaba. Ghorofani sharti hili la pili ni la usalama wa wale walio chini.

Kuna na ndugu yake, lenye bawaba juu na linalosukumwa nje kwa chini. Hilo ni zuri kwa jikoni na bafu, kwa sababu unaweza kuliacha wazi kidogo mvua ikinyesha na bado ukapata hewa. Na kama unataka kile kioo kikubwa cha kutazama bonde, kifanye kisiofunguka, kisha uweke madirisha madogo ya bawaba pembeni yake. Sehemu isiyofunguka haina bawaba ya kulegea wala mwanya wa kupiga mluzi usiku.

KIOO: MATATU IKUFUNDISHE

Kioo cha kawaida cha milimita 4 ndicho fundi atakuwekea usiposema kitu. Kwa dirisha dogo lililojificha kinatosha. Kwa kipande kikubwa kinachokabili upepo, anza na milimita 6. Nguvu ya kioo haipandi sawa na unene. Cha milimita 6 kinahimili msukumo wa takriban mara mbili ya cha milimita 4 cha ukubwa ule ule. Kumbuka tu kwamba uzito nao unapanda. Mita moja ya mraba ya milimita 6 ina kilo 15, kwa hivyo bawaba ziendane na mzigo huo.

Mbali na unene, kuna aina. Angalia matatu. Kioo cha ubavuni kikivunjika, humwagika chembechembe ndogo kama punje za mahindi. Hicho ni kioo kilichokazwa kwa moto, kile mafundi huita tempadi. Kina nguvu ya takriban mara nne ya kioo cha kawaida cha unene ule ule, na kikivunjika hakiachi visu virefu. Kioo cha mbele cha matatu ni kingine. Kikigongwa na jiwe kinapasuka kama utando wa buibui lakini kinabaki mahali pake, kwa sababu ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati.

Kwa ghorofa ndefu iliyo juu ya barabara, hicho cha pili kina maana kubwa. Chini ya dirisha lako kuna mama mboga, kuna watu wa boda wakisubiri abiria, kuna watoto wakitoka shule. Kioo kinachopasuka na kubaki kwenye fremu hakimuumizi mtu. Kwa nyumba ya chini iliyo kilimani, tempadi inaweza kutosha.

Jambo moja la kukumbuka: tempadi haikatwi tena ikishakazwa. Vipimo lazima viwe sahihi kabla ya kuagizwa. Fundi akikuambia atakuja kuipunguza hapo sitini, hakukuletea tempadi.

FREMU NA SKRUBU ZISIZOONEKANA

Unaweza kununua kioo bora Kenya nzima kisha kikaanguka kikiwa kizima, pamoja na fremu yake. Hutokea pale dirisha linaposhikiliwa na silikoni badala ya kufungwa ukutani. Silikoni kazi yake ni kuzuia maji na hewa. Haibebi mzigo.

Fremu inatakiwa kufungwa kwa skrubu ndefu au nanga zinazoingia kwenye jiwe au zege lenyewe, zipite plasta. Utaratibu unaokubalika na wengi ni skrubu ya kwanza iwe kama sentimita 15 kutoka kwenye pembe, na nyingine zifuatane bila kuachana zaidi ya sentimita 60, pande zote. Zihesabu mwenyewe kabla plasta haijafunika kitu. Hii ndiyo siku ambayo ni lazima ufike kwenye mjengo, hata kama ulikuwa umeomba binamu akusimamie.

Kuhusu fremu yenyewe, chuma cha kuchomelewa jua kali bado ni chaguo la heshima. Kina nguvu, kinatengenezeka popote, na bawaba zake hazina makuu. Udhaifu wake ni kutu na puti inayokauka na kudondoka, kisha kioo kinaanza kutetemeka. Mikoa ya baridi na ukavu kitakaa miaka mingi ukikipaka rangi. Kando ya bahari, chumvi itakimaliza mapema, na hapo alumini iliyopakwa rangi vizuri au plastiki ngumu ya uPVC ni bora. Ila ukiweka alumini pwani kisha ukaifunga kwa skrubu za chuma cha kawaida, umejidanganya. Metali hizo mbili zikikutana na maji ya chumvi hulana. Omba skrubu za chuma kisichoshika kutu.

Kwa alumini na uPVC, swali la kumuuliza muuzaji ni unene wa kuta za fremu, na kama upande wa ndani wa uPVC umetiwa chuma cha kuimarisha. Shika kipande cha sampuli ukikamue. Halafu uliza kama dirisha hilo limewahi kupimwa. Bidhaa nyingi zinazoagizwa kutoka nje hutengenezwa na viwanda vinavyofuata vipimo vya kimataifa. Kile cha Ulaya, EN 12210, hupanga madirisha katika madaraja ya 1 hadi 5, kuanzia msukumo wa paskali 400 hadi 2,000. Ule upepo wa kilomita 108 kwa saa una msukumo wa kama paskali 550, kabla ya kuhesabu pembe za jengo na mbio za mlimani. Muuzaji anayejua kazi yake atakuonyesha karatasi. Asiyejua atakwambia "hii ni original, boss." Sikia tofauti.

USIZIBE HADI USHINDWE KUPUMUA

Onyo hapa. Ukishapata dirisha linalofunga kabisa, nyumba yako haitakuwa tena na ile mianya iliyokuwa ikiingiza hewa bila wewe kujua. Mtu anayewasha jiko la makaa ndani ya chumba kama hicho usiku wa baridi, Limuru au Kinangop, anaweza asiamke. Gesi ya sumu inayotoka kwenye makaa haina rangi wala harufu. Jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala, na jikoni kuwe na tundu la kudumu la hewa upande usiopigwa na upepo.

Vilevile grili. Tunazipenda kwa sababu ya wezi, na haziongezi kitu kwa upepo. Ila weka angalau moja inayofunguka kutoka ndani, moto ukitokea upate pa kutokea.

"SINA DOH YA HAYO YOTE"

Tunakusikia. Vijana wengi wanajenga kwa mkopo wa sacco, chumba kwa chumba. Lakini kuhimili upepo si lazima kuwe ghali kila mahali. Kuna njia tatu za kuokoa pesa bila kuokoa kwa kujidhuru.

Ya kwanza, jua upepo unatoka wapi. Eneo la Nairobi na Ngong, sehemu kubwa ya mwaka upepo hutoka upande wa mashariki. Pwani, kusi hutoka kusini na kaskazi kaskazini mashariki. Usitegemee vitabu tu. Angalia miti iliyozeeka kwenye ploti imeinama kuelekea wapi. Muulize jirani ni upande gani hubandika katoni dirishani. Ukishajua, weka pesa nyingi kwenye madirisha ya upande huo na ya pembe, na ya kawaida kwingine.

Ya pili, punguza ukubwa. Dirisha la nusu ukubwa hubeba nusu ya mzigo, na kioo chake kinaweza kuwa chembamba. Madirisha mawili ya wastani yenye ukuta katikati ni imara na ni nafuu kuliko moja la ukuta mzima. Mandhari yako haitakimbia.

Ya tatu, acha mti ufanye kazi. Safu ya miti au ua mnene, iliyopandwa umbali wa kutosha isije ikaiangukia nyumba, hupunguza kasi ya upepo kabla haujafika dirishani. Miche haigharimu sana. Ipande siku unapochimba msingi, maana itachukua miaka kukua.

KAMA UNAPANGA

Mpangaji hawezi kubadilisha fremu, lakini anaweza kukataa kulipia upumbavu. Kabla ya kutuma deposti, fanya haya ukiwa kwenye nyumba. Funga dirisha ukiwa umeweka kipande cha karatasi katikati ya ubawa na fremu, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, hapo upepo na vumbi vitapita. Shika ubawa uutikise. Ukigonga, utagonga usiku kucha. Angalia ukuta chini ya dirisha, uone kama kuna alama za maji au rangi iliyovimba. Pitisha kidole kwenye silikoni ya nje unapoweza kufika. Ikiwa imepasuka au kubanduka, sema. Kama unaweza, tembelea jioni upepo ukivuma, usikubali kuonyeshwa nyumba saa nne asubuhi jua likiwa limetulia.

Ukipata kasoro, ziandike na umtumie landilodi au ajenti kwa ujumbe, na picha, kabla ya kuingia. Mwezi wa kwanza ndio wakati una sauti. Ukishazoea, itasemekana wewe ndiye uliyevunja.

TUNACHODAI

Tumewaeleza vijana wajibu wao, lakini itakuwa dhuluma kuishia hapo. Kanuni mpya za kitaifa za ujenzi za mwaka wa 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025, zilichukua mahali pa sheria ndogo za mwaka wa 1968. Hiyo ni hatua. Sasa tunataka kuiona hatua hiyo ikifika dirishani.

Wakaguzi wa kaunti na wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi hufika kukagua nguzo na zege, na wanastahili kufanya hivyo. Majengo yaliyoporomoka yametufunza kwa damu. Lakini jengo la ghorofa 15 linaweza kusimama wima kabisa huku vioo vyake vikiwa hatari kwa kila anayepita chini. Mchoro unaopelekwa kupata kibali uonyeshe aina ya dirisha, unene wa kioo na jinsi fremu itakavyofungwa, na ghorofa za juu zisiruhusiwe kuwekewa kilicho cha ghorofa za chini. Wastawishaji wanaouza nyumba kwa picha za machweo nao wakabidhi karatasi za vipimo vya madirisha pamoja na ufunguo.

Vyuo vya ufundi navyo vina nafasi. Kijana anayefunzwa kukata alumini afunzwe pia kusoma upepo, ili mteja akija na picha ya TikTok, fundi awe wa kwanza kumuuliza: nyumba yako iko wapi, na imeelekea wapi?

Mpaka mambo hayo yafanyike, kazi inabaki kwako. Wikendi hii, kabla hujalipa deposti ya ploti au ya keja, simama mahali dirisha litakapokuwa. Simama dakika kumi, uso ukielekea nje. Ukihisi shati likikugandama kifuani, ujue ni dirisha la aina gani utamwagiza fundi.